Bandari za kijani: Kinachobadilika gatini na barabarani, na nani anayelipa

Kontena linaloshushwa Mombasa au Dar es Salaam kwa safari ya Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi limetumia mafuta katika kila hatua: ndani ya meli, kwenye mashine za bandarini, na kwenye lori au treni inayolipeleka bara. Kwa miaka mingi hesabu ya mafuta hayo ilikuwa bei ya lita tu. Hivi sasa moshi wenyewe umeanza kuwekewa masharti na bei. Masharti hayo humfikia mfanyabiashara kupitia ankara ya usafirishaji, na humfikia mwenye lori kupitia kanuni za lango la bandari.

Makala hii inaeleza moshi wa bandarini unatoka wapi, njia zinazotumika kuupunguza, na mambo ambayo wafanyabiashara na wasafirishaji wa Afrika Mashariki na Kati wanapaswa kuyafahamu mapema.

MAANA YA BANDARI YA KIJANI

Kwa kawaida bandari ya kijani ni bandari iliyojiwekea malengo ya kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani, pamoja na moshi, taka na uharibifu wa bahari, huku ikiendelea kuhudumia meli na mizigo kama kawaida. Mamlaka ya Bandari ya Kenya (KPA) ni miongoni mwa mamlaka za ukanda huu zilizopitisha sera ya aina hiyo kwa ajili ya bandari ya Mombasa, kwa msaada wa shirika la TradeMark East Africa, ambalo sasa linaitwa TradeMark Africa.

Ni vyema kutofautisha aina mbili za uchafuzi wa hewa. Aina ya kwanza ni hewa ukaa na gesi nyingine zinazoongeza joto duniani. Madhara yake huonekana popote, hata mbali na ilikotoka. Aina ya pili ni salfa, gesi za naitrojeni na masizi. Hizi humdhuru kwanza anayeishi au kufanya kazi karibu: mkazi wa Changamwe au Kurasini, mpakuzi wa mizigo, na dereva anayelala ndani ya kabini akisubiri zamu.

Tofauti hii ina maana kubwa katika biashara. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo ilipunguza salfa na masizi, lakini lita moja ya dizeli, iwe safi au chafu, bado hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Hewa ukaa hupungua tu pale mafuta yenyewe yanapochomwa kidogo, au yanapobadilishwa na nishati nyingine.

MOSHI UNATOKA WAPI

Vyanzo vikuu katika bandari ni vinne:

1. Meli zilizo nangani na gatini. Meli ikifunga gati huzima injini kubwa, lakini jenereta zake huendelea kufanya kazi ili kupata umeme wa taa, pampu, jiko, mitambo na makontena ya baridi.

2. Mashine za bandarini. Kreni kubwa za ukingoni mwa gati mara nyingi hutumia umeme, lakini kreni za matairi zinazopanga makontena uwanjani, mashine za kunyanyulia na matrekta ya ndani nyingi zimekuwa zikitumia dizeli.

3. Malori. Haya huhesabiwa yanapoingia, yanapopanga foleni na yanapotoka.

4. Treni na vyombo vidogo, kama vile tishali na boti za kuvuta meli.

Mfano wa hesabu unasaidia kuona uzito wa kila kimoja. Chukua meli inayohitaji megawati 1 ya umeme ikiwa gatini kwa saa 24. Jenereta zake zitachoma karibu tani 5 za mafuta na kutoa karibu tani 16 za hewa ukaa. Sasa chukua lori lenye mzigo linalotumia lita 45 kwa kila kilomita 100. Safari ya Mombasa hadi Kampala, takriban kilomita 1,170, italigharimu lita 527 hivi, sawa na tani 1.4 za hewa ukaa. Kwa hiyo siku moja ya meli hiyo gatini ni sawa na safari 11 za lori kwenda Kampala.

Hata hivyo, hesabu hiyo isimfanye msafirishaji aone kwamba barabara ni jambo dogo. Meli kubwa hubeba maelfu ya makontena kwa pamoja, hivyo kwa kila tani ya mzigo na kila kilomita, lori hutoa hewa ukaa mara kadhaa zaidi ya meli. Kwa nchi zisizo na bahari, kipande cha bandari hadi ghalani ni kifupi kwa kilomita lakini kina sehemu kubwa ya moshi wa safari nzima, hasa pale lori linaporudi tupu.

MASHARTI YA KIMATAIFA

Usafiri wa meli ulichangia takriban asilimia 2.9 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu mwaka 2018, kwa mujibu wa utafiti wa nne wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO). Mwezi Julai 2023 nchi wanachama wa IMO zilikubaliana kwamba gesi hizo zifikie sifuri halisi ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Viwango vya njiani ni kupunguza angalau asilimia 20 ifikapo 2030, na angalau asilimia 70 ifikapo 2040, kwa kulinganisha na mwaka 2008.

Njia ya kufikia malengo hayo bado ina mvutano. Mpango wa kuzitoza meli kulingana na gesi zinazotoa uliidhinishwa kwa hatua ya awali mwezi Aprili 2025, lakini mwezi Oktoba mwaka huo nchi wanachama zilipiga kura kuahirisha uamuzi wa mwisho kwa mwaka mmoja.

Kuhusu salfa, sheria ya IMO ilianza kutumika Januari 1, 2020, ikishusha kiwango kinachoruhusiwa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5. Pamoja na punguzo hilo, mafuta ya meli bado yanaruhusiwa kuwa na salfa mara 100 zaidi ya dizeli inayouzwa kwa malori ya Afrika Mashariki.

Umoja wa Ulaya haukusubiri IMO. Tangu Januari 2024, meli zenye ujazo wa tani 5,000 na zaidi zinazotia nanga katika bandari zake zinapaswa kulipia hewa ukaa. Malipo yalianza kwa asilimia 40 ya gesi za mwaka 2024, yakapanda hadi asilimia 70 kwa mwaka 2025 na asilimia 100 kuanzia mwaka 2026. Kwa safari inayounganisha bandari ya Ulaya na bandari ya nje ya Ulaya, nusu ya gesi ndiyo huhesabiwa.

Hapa ndipo mwuzaji wa kahawa wa Uganda au Rwanda, au wa parachichi wa Kenya na Tanzania, anapoguswa. Kampuni za meli zimeongeza tozo ya hewa ukaa katika ankara za mizigo ya kwenda au kutoka Ulaya. Jambo la kuangalia ni njia ya meli. Mizigo mingi ya Afrika Mashariki hubadilishiwa meli katika bandari kubwa za njiani. Kwa kawaida hesabu ya Ulaya huanzia bandari ya mwisho ambako meli ilishughulikia mizigo kabla ya kuingia Ulaya. Mwuzaji ana haki ya kumwuliza wakala wake tozo hiyo imepigwa kwa kipande kipi cha safari.

UMEME WA GATINI

Njia inayotajwa zaidi ni kuipa meli umeme kutoka nchi kavu ili izime jenereta zake. Bandari ya Gothenburg, Sweden, ilianza kuziunganisha meli za mizigo na umeme wa msongo mkubwa mwaka 2000. Los Angeles, Marekani, ilifuata mwaka 2004 kwa meli za makontena, na baadaye jimbo la California likaifanya huduma hiyo kuwa lazima kwa meli nyingi zinazorudi mara kwa mara. Katika Umoja wa Ulaya, meli za makontena na za abiria zitalazimika kutumia umeme wa nchi kavu katika bandari kuu kuanzia mwaka 2030.

Faida ya njia hii inategemea umeme umezalishwaje. Bandari inayopata umeme wa makaa ya mawe inahamisha moshi tu kutoka gatini kwenda kwenye mtambo. Katika jambo hili Afrika Mashariki ina nafasi nzuri. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Tanzania nayo imeongeza umeme wa maji kwa bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024.

Vikwazo ni vitatu. Kwanza, vifaa ni ghali na meli nayo lazima iwe na mitambo ya kupokea umeme. Pili, umeme usiokatika ni sharti, kwa kuwa hakuna nahodha atakayezima jenereta huku akihofia makontena ya baridi kuharibika. Tatu, bei ya umeme ikizidi gharama ya kuchoma mafuta, meli haitajiunga isipokuwa kwa sheria.

Kwa sababu hiyo bandari nyingi huanza na hatua rahisi zaidi: kubadili kreni za uwanjani na matrekta kutoka dizeli kwenda umeme, na kuweka soketi za kutosha kwa makontena ya baridi ili yasitumie jenereta.

FOLENI NI MOSHI

Njia isiyohitaji mtambo mpya ni kupunguza kusubiri. Meli inayokimbia kuwahi bandari iliyojaa huchoma mafuta mara mbili: kwanza baharini kwa kasi, kisha nangani kwa jenereta. Meli ikipunguza kasi kwa asilimia 10, mafuta ya safari ileile hupungua kwa karibu asilimia 20.

Tatizo ni utaratibu wa anayewahi ndiye anayehudumiwa kwanza. Mwaka 2021 zaidi ya meli 100 zilirundikana mbele ya bandari za Los Angeles na Long Beach. Mwezi Novemba mwaka huo utaratibu ulibadilishwa: nafasi ya meli katika foleni ikahesabiwa kwa wakati ilipoondoka bandari iliyotangulia. Meli zikaacha kukimbizana, na nyingi zikasubiri mbali na pwani.

Kwa upande wa nchi kavu, lori lililosimama huku injini ikinguruma huchoma takriban lita 3 kwa saa. Foleni ya saa 10 ni lita 30 za dizeli na kilo 80 za hewa ukaa, bila lori kusogea hata kilomita moja. Hii ndiyo sababu mageuzi ya forodha na mipaka yanahesabika kuwa kazi ya mazingira, hata kama hayakuanzishwa kwa lengo hilo. Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014, inaruhusu ushuru kulipwa mzigo ukiwa bado bandarini. Vituo vya pamoja vya mpakani kama Malaba, Busia, Mutukula, Namanga na Rusumo vinawezesha lori kukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Ufuatiliaji wa mizigo kwa mtandao umepunguza haja ya misafara ya ulinzi. Kila saa inayookolewa ni pesa na ni moshi uliozuiwa.

SOMO KUTOKA LOS ANGELES: NANI ANALIPIA LORI JIPYA?

Swali gumu zaidi kwa wasafirishaji ni hatima ya malori ya zamani. Los Angeles na Long Beach zilikwisha kulipitia. Mwaka 2006 bandari hizo mbili zilipitisha mpango wa pamoja wa hewa safi. Oktoba 1, 2008 malori yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1989 yalikatazwa kuingia. Kufikia Januari 1, 2012 kila lori lililoingia lilipaswa kufikia viwango vya injini vya mwaka 2007.

Moshi wa malori ulishuka sana. Ili kupata fedha, wenye mizigo walitozwa dola 35 kwa kila kontena la futi 20, huku malori yaliyokwisha kuwa safi yakipewa nafuu. Lakini mzigo haukugawanyika sawasawa. Madereva wengi waliokuwa wakimiliki lori moja hawakuweza kununua jipya. Wakaingia mikataba ya kukodi kutoka kwa kampuni na kukatwa malipo kila wiki, hata wiki ambazo kazi ilikuwa chache. Los Angeles ilijaribu kuweka sharti kwamba madereva waajiriwe rasmi na kampuni ili gharama iwe ya kampuni, lakini sharti hilo lilizuiwa mahakamani.

Somo kwa ukanda huu liko wazi. Katika njia za Mombasa na Dar es Salaam malori mengi hununuliwa yakiwa yametumika, na wamiliki wengi wana lori moja au mawili. Kanuni ya umri wa lori ikiwekwa bila mkopo nafuu, bila muda wa kutosha na bila mchango wa mwenye mzigo, itasafisha hewa kwa kumwondoa mdogo sokoni. Vyama vya wasafirishaji vina sababu ya kukaa mezani kabla kanuni haijaandikwa, si baada ya lango kufungwa.

RELI NA MALORI

Treni moja ya mizigo hubeba kazi ya malori mengi kwa mafuta machache. Reli ya kisasa ya Kenya ilianza kubeba mizigo kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2018 na kufikishwa hadi Naivasha mwaka 2019, ikitumia injini za dizeli. Reli ya kisasa ya Tanzania imejengwa itumie umeme, na huduma za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza mwaka 2024.

Pamoja na faida hiyo, namna ya kuhamisha mizigo ina uzito wake. Mwaka 2019 Kenya iliagiza makontena yapelekwe bara kwa reli. Agizo hilo halikutokana na hoja ya mazingira, lakini matokeo yake yanafundisha. Wafanyakazi wa malori, mawakala wa forodha na wenye bandari kavu Mombasa waliandamana, kesi zikafika mahakamani, na Septemba 2022 Rais William Ruto, siku alipoapishwa, alitangaza kurejeshwa kwa shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Mpango wa kijani unaolazimishwa bila kuwapa watu wa barabara kazi mbadala unaweza kukumbwa na hali hiyo hiyo.

Reli pia haimalizi safari. Kontena likishuka Naivasha au Dodoma bado linahitaji lori hadi ghalani. Safari fupi za namna hiyo ndizo zinazofaa zaidi kwa malori ya umeme siku za usoni, kwa kuwa lori hurudi kituo kilekile kila siku.

BAHARI NA WAVUVI

Bandari haiwezi kuitwa ya kijani kwa kupunguza moshi pekee. Kuchimba kina huondoa matope na matumbawe, na kujenga gati hukata mikoko, ambayo huhifadhi hewa ukaa nyingi katika udongo wake na ni mazalia ya samaki. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathirika na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Uamuzi huo uliwakumbusha wajenzi wa bandari kwamba gharama ya mazingira isipohesabiwa mwanzo, hudaiwa baadaye.

Vilevile maji ambayo meli hubeba ili isiyumbe yanaweza kuleta viumbe wageni. Mkataba wa kimataifa unaotaka maji hayo yasafishwe kabla ya kumwagwa ulianza kutumika Septemba 2017.

MAMBO YA KUFANYA SASA

Kwa mfanyabiashara:

- Wasilisha nyaraka na kulipa ushuru kabla meli haijafika. Kontena likikaa siku chache bandarini, hupunguza tozo ya uhifadhi na pia huacha nafasi uwanjani.
- Omba ankara ioneshe tozo ya hewa ukaa peke yake, isichanganywe na nauli.
- Linganisha reli na barabara kwa gharama ya safari nzima hadi ghalani.
- Tafuta mzigo wa kurudi kwa kushirikiana na wenzako. Lori linalorudi na kahawa, chai au madini linagawanya mafuta ya safari kwa mizigo miwili.

Kwa msafirishaji:

- Weka kumbukumbu ya lita na kilomita za kila safari. Wanunuzi wakubwa wa Ulaya wameanza kuomba takwimu za namna hiyo, na asiye nazo huenda akakadiriwa vibaya.
- Zima injini kwenye foleni na mizani. Lita 3 kwa saa ni faida inayopotea.
- Pima upepo wa matairi na usizidishe uzito. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake.
- Unaponunua lori lililotumika, uliza kiwango cha injini, si mwaka na kilomita tu. Lori likinunuliwa leo litakuwa barabarani miaka 10 au zaidi, na kanuni za lango zinaweza kubadilika kabla halijamaliza deni lake.
- Fuatilia mikutano ya wadau wa bandari na ya mamlaka za Ukanda wa Kaskazini na Ukanda wa Kati kupitia chama chako.

MANENO YANAYOTUMIKA

Gesi joto: gesi zinazozuia joto lisitoke angani, hewa ukaa ikiwa kubwa kati yake.

Hewa ukaa: gesi itokayo kila mafuta, makaa au kuni zinapochomwa.

Sifuri halisi: hali ambapo gesi zinazotolewa hazizidi zile zinazoondolewa hewani.

Umeme wa gatini: umeme wa nchi kavu unaounganishwa na meli ili izime jenereta.

Tozo ya hewa ukaa: nyongeza ya nauli inayorudisha gharama ambayo kampuni ya meli imelipa kwa ajili ya gesi zake.

Maji ya uzani: maji ya bahari yanayobebwa na meli ili isiyumbe, ambayo hupaswa kusafishwa kabla ya kumwagwa.